Pedali mbili, ujumbe mmoja feki: fundi wa gitaa asimulia jinsi alivyojifunza kupokea pesa

Katika safu hii wateja wetu hutusimulia jinsi wanavyotumia pesa za simu kuendesha biashara zao, na makosa waliyopitia kabla mambo hayajakaa sawa. Leo ni zamu ya fundi wa Nairobi anayetengeneza pedali za gitaa kwa mkono. Hata kama wewe unauza chapati au viatu, soma mpaka mwisho. Kilichompata yeye kinaweza kukupata wewe kesho.

Jumamosi hiyo karakana yangu ilikuwa kelele tupu. Nikisema karakana usifikirie jumba kubwa. Ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, meza, pasi ya kulehemu, droo za rezista na amplifaya kuukuu ninayotumia kujaribu kazi. Kijana mmoja alikuja na rafiki yake wakitaka pedali mbili. Mmoja akachomeka gitaa na kuanza kupiga, mwingine akawa ananiuliza maswali mfululizo. Hii inafanya nini? Hii kifundo ni ya nini? Je, naweza kutumia betri?

Wakati huo nilikuwa nauza pedali moja shilingi 3,000. Mbili, 6,000. Yule wa maswali akashika simu, akabonyezabonyeza, akaniambia, "Boss, nimetuma." Simu yangu ikalia. Nikaangalia haraka: imethibitishwa, umepokea shilingi 6,000, jina la mtu, tarehe, saa, na hata salio jipya. Nikawafungia mzigo kwenye gazeti, nikawaambia karibuni tena.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Luthuli Avenue kununua spea. Nimechagua vitu vya shilingi 3,400, nikatoa simu nilipe, ikaniambia salio halitoshi. Nikadhani ni mtandao. Nikajaribu tena. Kisha nikarudi kwenye ule ujumbe wa Jumamosi na kuusoma polepole, na hapo ndipo nikaona. Haukutoka kwa jina la huduma. Ulikuwa umetoka kwa namba ya simu ya kawaida, kama ya mtu yeyote. Na lile salio jipya halikulingana hata kidogo na pesa nilizokuwa nazo.

Nilirudisha vile vitu kwenye kaunta, mwenye duka akinitazama.

Pedali yenyewe ni kitu gani?

Kwa asiyejua, pedali ya gitaa ni kisanduku cha alumini kinachotoshea kwenye kiganja. Unachomeka gitaa upande mmoja, upande wa pili waya unaenda kwenye amplifaya. Ukikanyaga swichi, sauti inabadilika. Kuna ya kuongeza nguvu, kuna ya mwangwi, kuna ya kuikwaruza sauti mpaka inguruma. Ukienda kanisa lenye bendi ya vijana utaona mpiga gitaa amezipanga miguuni. Wa benga anataka sauti safi na kali, kwa hivyo ananunua ya kuongeza nguvu tu. Vijana wa roki wanataka ile ya kunguruma.

Hiyo ya kunguruma, inayoitwa fuzz, ina historia nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Nashville, Marekani, mitambo ya studio iliharibika wakati Marty Robbins anarekodi wimbo, na gita la besi likatoka likiwa limekwaruza vibaya. Wengine wangelifuta. Wao waliliacha, na watu wakalipenda. Fundi wa sauti aliyekuwa studio siku hiyo, Glenn Snoddy, akasaidia kubuni kifaa cha kutoa sauti ileile kwa makusudi, na mwaka 1962 Gibson wakaanza kukiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Kilikaa madukani kikisuasua mpaka 1965, Rolling Stones walipokitumia kwenye wimbo wao uliovuma dunia nzima. Hapo ndipo watu wakakikimbilia.

Ndani yake hakuna uchawi. Umeme unaotoka kwenye gitaa ni mdogo sana. Transista inaukuza. Lakini betri ni ya volti 9 tu, kwa hivyo sauti ikikuzwa kupita pale, vilele vyake vinakatwa, kama mtu mrefu anayegonga kichwa kwenye dari. Kule kukatwa ndiko masikio yetu yanasikia kama mngurumo. Pedali rahisi kabisa ya kuongeza nguvu inahitaji transista moja, rezista chache na kapasita mbili tatu. Mtu mwenye subira anaweza kuijenga siku moja.

Mimi nilianza hivyo, kwa kurekebisha pedali ya rafiki iliyokufa. Aliichomeka kwenye adapta isiyo yake. Pedali nyingi zinataka volti 9 zenye hasi katikati ya plagi, na yake ilikuwa chanya katikati. Dakika moja, moshi. Tangu siku hiyo kila pedali yangu naiwekea dayodi ya kinga kwenye mlango wa umeme. Ni kitu cha shilingi chache ambacho kinaokoa kazi nzima.

Deni la chama

Sasa turudi kwa zile 6,000. Pesa hizo hazikuwa za kula. Nilikuwa nimechukua mkopo wa 15,000 kwenye chama ili ninunue vifaa vya Desemba, kwa sababu kabla ya Krismasi makanisa na bendi hununua sana. Mdhamini wangu alikuwa shangazi. Kwenye chama chetu usipolipa, mdhamini ndiye anasimamishwa mbele ya wenzake. Malipo ya mwezi yalikuwa yanatakiwa Jumapili iliyofuata.

Nilikaa siku mbili bila kumwambia. Siku ya tatu nikaenda kwake jioni.

"Shangazi, zile pesa sina."

"Umezipeleka wapi?"

Nikamweleza. Hakunikemea. Aliniomba simu, akavaa miwani, akausoma ule ujumbe mwenyewe. Halafu akaniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake. "Kwani hizo sanduku unauza, faida yako ni ngapi kwa moja?"

Nikasema kama elfu moja hivi.

"Kama hivi," akasema. "Leta kalamu."

Hesabu ya kweli

Tuliandika kila kitu kwenye karatasi, meza ya shangazi, taa ya koroboi kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Hizi ni bei zangu za wakati huo kwa pedali moja. Zako zitategemea duka na mwezi.

- Sanduku la alumini, lililokunjwa na kutobolewa na fundi wa jua kali Kamukunji: 700
- Swichi ya mguu: 350
- Jeki mbili za gitaa: 160
- Poti mbili na vifundo vyake: 260
- Transista, rezista, kapasita, dayodi na taa ndogo: 180
- Kipande cha ubao wa kulehemia: 100
- Soketi ya umeme: 60
- Rangi, skrubu, waya na risasi: 240

Jumla 2,050. Ukiongeza nauli ya kwenda mjini na bando ya kuongea na wateja, ambazo tuligawanya tukapata kama 250 kwa kila pedali, inakuwa 2,300. Nilikuwa nauza 3,000. Kwa hivyo faida ilikuwa 700, na kazi yenyewe inanichukua saa tano. Yaani nilikuwa najilipa shilingi 140 kwa saa, na sikujua.

Kisha shangazi akapiga ile hesabu iliyoniuma. Pedali mbili zilizoibwa zilikuwa zimenigharimu 4,600. Kwa faida ya 700, nilihitaji kuuza pedali saba ndipo nirudi pale nilipokuwa Ijumaa. Saa thelathini na tano za kazi, kwa sababu ya ujumbe mmoja ambao sikuusoma.

Hapo ndipo nilipanga bei upya. Gharama 2,300. Kazi yangu, saa tano kwa shilingi 300, 1,500. Akiba ya pedali zinazorudi na vifaa vinavyoungua, 400. Faida ya biashara, 800. Jumla 5,000.

Niliogopa. Kuna pedali ndogo kutoka China ambazo mtu anaweza kupata kwa bei inayokaribia hiyo. Na ni kweli, wateja wengine waliondoka. Lakini waliobaki walikuwa na sababu: pedali yangu ikiharibika Jumamosi usiku, wanajua nyumba ninayokaa. Ile ya kutoka mbali ikikufa, imekufa.

Kuhusu hilo kuna mfano ninaoupenda. Huko Boston, mtu mmoja anayeitwa Bill Finnegan alianza mwaka 1994 kuuza pedali yake iliyoitwa Klon Centaur. Alizijenga kwa mkono, takriban 8,000 kwa miaka yote aliyoitengeneza. Ili wasimwige, alizimwagia gundi ngumu juu ya ubao wa ndani. Hata hivyo watu waliifumbua wakaiiga, na leo kuna nakala za kila bei. Lakini zile zake za mwanzo bado zinauzwa mitumba kwa maelfu ya dola. Mimi hapo nimejifunza mambo mawili. Moja, siri ya waya haikulindi, jina ndilo linakulinda. Pili, usiweke jina la mtu mwingine juu ya sanduku lako. Jenga lako, hata kama ndani umefuata mchoro ambao kila fundi anaujua.

Amana kwanza

Kabla ya tukio lile nilikuwa najenga kwanza halafu natafuta mnunuzi. Mteja anasema "nijengee, nakuja mwisho wa mwezi," mimi naingia mfukoni. Mwisho wa mwezi simu hapokei.

Siku hizi naomba nusu, shilingi 2,500. Ukiangalia hesabu yangu utaona kwa nini. Inafunika ile 2,300 ya vifaa na nauli. Mteja akitoweka, nimepoteza muda wangu lakini sijala pesa za chama. Na pedali inabaki, nitamuuzia mwingine.

Amana ina adabu yake. Namwandikia mteja ujumbe kabla hajatuma: ni pedali gani, rangi gani, bei yote, amana ngapi, itakuwa tayari lini, na kama nikichelewa zaidi ya wiki mbili narudisha pesa zake zote. Nimewahi kurudisha mara mbili. Iliniuma, lakini mmoja wao alirudi baadaye akaagiza tatu.

Kwa nini nilihamia till

Nilikuwa napokea kila kitu kwa namba yangu binafsi. Pesa ya pedali, pesa ya mama wa kijijini, pesa ya mchango wa harusi, zote sufuria moja. Jioni nikiona salio naona nina pesa, kumbe ni amana ya mtu.

Nilipofungua till ya biashara, mambo matatu yalibadilika.

La kwanza, mteja anapolipa anaona jina la biashara yangu kabla malipo hayajakamilika. Jina likikosekana au likiwa lingine, anasimama. Hakuna tena "nilikosea tarakimu moja."

La pili, pesa ya biashara ina nyumba yake. Mwisho wa wiki nahamisha mshahara wangu, zile 1,500 kwa kila pedali niliyomaliza. Zingine sizigusi.

La tatu, nina taarifa ya miamala. Mwezi wa tatu nilipoomba chama mkopo mwingine, sikwenda na maneno matupu. Nilienda na karatasi. Mweka hazina aliiangalia, akaniuliza maswali mawili, basi.

Na kuna hili la kurudisha muamala. Kuna matapeli wa aina nyingine: wanalipa kweli kwa namba yako binafsi, wanachukua mzigo, wakifika kona wanapiga simu kusema walituma kimakosa ili warudishiwe. Ndiyo maana kila mauzo nayaandikia risiti, hata ya kalamu, ikiwa na msimbo wa muamala na kitu kilichonunuliwa. Nikiulizwa na huduma kwa wateja, nina ushahidi kwamba pesa ilikuwa ya bidhaa na bidhaa ilichukuliwa.

Msimbo ndani ya kifuniko

Hii ni tabia ambayo wateja wangu wanaicheka lakini wanaipenda. Kabla sijafunga skrubu za mwisho, naandika ndani ya kifuniko kwa kalamu ya wino usiofutika: tarehe na msimbo wa muamala wa malipo ya mwisho. Hiyo ndiyo dhamana. Pedali ikirudi baada ya miezi minane, sihitaji kubishana kama ni yangu au iliuzwa lini. Nafungua, nasoma, natafuta kwenye simu, naona. Nikipewa pedali isiyo na msimbo, natengeneza, lakini unalipia.

Kwa wateja wa Kisumu, Eldoret au Mombasa natuma kwa ofisi za vifurushi kwenye steji ya matatu. Salio la malipo linaingia kwanza, nalithibitisha, ndipo natoka nyumbani. Nikishaikabidhi, namtumia mteja picha ya risiti ya mzigo. Yeye ana amani, mimi nina amani.

"Kwani huniamini?"

Swali hili naulizwa karibu kila wiki. Mteja amenionyesha simu yake, imeandikwa imekwenda, na mimi bado nimeshika pedali nikiangalia simu yangu. Wengine wanakasirika. Mzee mmoja wa kwaya aliniambia, "Kijana, mimi ni mtu wa kanisa."

Nikamjibu, "Mzee wangu, nakuamini. Ninayemsubiri ni simu." Akacheka, akakaa kwenye stuli. Sekunde kumi hivi, malipo yakaonekana kwenye till. Nikampa mzigo wake kwa mikono miwili.

Sikurudishiwa zile 6,000. Niliripoti kwa huduma kwa wateja na ile namba iliyotuma ujumbe, nikaenda polisi nikapata namba ya OB, na pedali zenyewe sijaziona mpaka leo. Jumapili ile ya chama shangazi alinilipia, na mimi nikamlipa kwa miezi mitatu. Siku namkabidhi ya mwisho alinitumia ujumbe wa kusema amepokea. Halafu akanipigia. "Umeangalia kwanza kama ni mimi kweli nimekuandikia?"

Kabla hujampa mteja mzigo

Kutokana na simulizi hii, haya ndiyo ya kushika:

1. Angalia ujumbe umetoka kwa nani. Ujumbe halali wa malipo huja kwa jina la huduma. Ukitoka kwa namba ya simu ya kawaida, si malipo, hata kama maneno yanafanana neno kwa neno.

2. Thibitisha kwa salio. Usitegemee ujumbe peke yake, wala picha ya simu ya mteja. Fungua menyu au programu yako uangalie salio au orodha ya miamala. Pesa ikiwa imeingia, itaonekana hapo.

3. Usiharakishwe. Matapeli hupenda wakati wa foleni, kelele na maswali mengi. Ukiwa na shughuli, mteja wa kweli atasubiri.

4. Ukiambiwa "nimekutumia kimakosa", usirudishe mwenyewe. Angalia salio kwanza. Kama pesa imeingia kweli, mwambie aombe marekebisho kupitia huduma kwa wateja.

5. Tenganisha pesa. Namba ya biashara iwe ya biashara. Jilipe mshahara unaojulikana.

6. Omba amana inayofunika gharama, na uandike masharti yake kabla pesa haijatumwa.

7. Tunza msimbo wa kila muamala. Ndio ushahidi wako, ndio dhamana ya mteja.

8. PIN ni yako peke yako. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia kukuomba PIN, hata awe anajua jina lako na salio lako.

Ukishuku umetapeliwa, ripoti mara moja kwa huduma kwa wateja. Usifute ujumbe uliotumiwa, maana una namba na saa. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe ukachukue namba ya OB.

Wewe je, biashara yako imekufundisha nini kuhusu kupokea pesa? Mtumie rafiki yako anayeuza kitu makala haya leo, kabla Jumamosi haijafika.